Shajara ya mradi: kozi ya mtandaoni ya kupima maziwa kituoni, Tanga

Februari: mipaka na malengo

Kozi ni ya wapokea maziwa wa vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia Pongwe na Amboni hadi Muheza na Maramba. Hawa ndio wanaosimama mlangoni saa 12 asubuhi, bodaboda zikishusha madumu, na wana dakika chache za kuamua maziwa ya nani yaingie kwenye tangi la kupozea na ya nani yarudi nyumbani. Akipokea yasiyofaa, tangi zima limeharibika. Akikataa yaliyo mazima, mfugaji amekosa pesa ya siku. Kozi yote imejengwa juu ya uamuzi huo, na chochote kisichomsaidia mpokeaji kupokea au kukataa, na kueleza sababu, hakimo.

Kwa kipimo hicho tumeondoa lishe ya ng'ombe, uchaguzi wa mbegu, tiba ya ugonjwa wa kiwele na utengenezaji wa mtindi. Wataalamu wa mifugo walitaka vyote vibaki, na si ajabu, kwani ndivyo wanavyofundisha kila siku. Lakini kozi ya mtandaoni ikianza na kile mtaalamu anachokijua, inaishia kuwa kitabu kilichokatwa vipande. Ya darasani inaweza kuvumilia mada za ziada kwa sababu mwanafunzi ameshakaa kwenye kiti. Ya kwenye simu inafungwa kwa kidole kimoja. Usafi wa vyombo umebaki kwa sehemu ndogo, yaani kukagua dumu au keni. Jinsi ya kuviosha itasubiri kozi yake.

Malengo yaliyokubaliwa ni haya. Baada ya kozi, mpokeaji:

- anakagua maziwa na chombo kwa macho na pua, na anataja dalili iliyomfanya asite;
- anapima kwa alkoholi na kusoma matokeo bila kuchanganya punje na povu;
- anapima kwa laktomita (kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha uzito wake), anasahihisha kwa joto, na anaandika namba iliyosahihishwa;
- anatumia kipimo cha kuchemsha pale alkoholi inapomtia shaka;
- anamweleza mfugaji sababu ya kukataliwa kwa maneno yasiyozidi kile kipimo kilichosema.

Kila lengo lina kitendo kinachoonekana. Lengo linaloanza na "ataelewa" au "atafahamu" halina pa kushika: hulitungii swali, wala hulioni kwenye video ya mwanafunzi. Kitenzi kikiwa "anasahihisha" au "anaandika", zoezi limeshapatikana nusu.

Mtihani umeandikwa kabla ya masomo. Mwandishi wa somo akiwa na mtihani mezani, anajua sentensi ipi inafanya kazi na ipi ni pambo. Pia ndipo tulipogundua kwamba malengo ya pili na ya tatu hayapimiki kwa maswali ya kuchagua peke yake. Ni kazi ya mikono, kwa hiyo lazima mwanafunzi ajirekodi akiifanya. Uamuzi huo mmoja ndio uliokuja kutawala jukwaa, ukubwa wa mafaili na idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi.

Machi: yaliyomo, somo kwa somo

Masomo ni matano. La kwanza (macho, pua na chombo) na la tano (kuongea na mfugaji) ni sauti na picha. La pili, la tatu na la nne yana video.

*Alkoholi.* Mililita 2 za maziwa, mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68, geuza neli taratibu, kisha tazama ukuta wa kioo. Maziwa mazima huteleza na kuacha utando laini. Yaliyoanza kuchacha huacha punje. Alkoholi yenyewe inachanganywa hivi: mililita 68 za spiriti ya asilimia 96 na mililita 28 za maji yaliyokenekwa. Ni rahisi kukumbuka, kwa kuwa namba unayoitaka ndiyo mililita za spiriti, na jumla inafika namba ya spiriti uliyoanza nayo.

Sehemu ya makosa imepewa nafasi kubwa kuliko sehemu ya hatua, kwa sababu hatua ni fupi na makosa ni mengi. Chupa ikiachwa wazi, alkoholi hupaa upesi kuliko maji, nguvu inashuka, na kipimo kinaanza kupitisha maziwa mabaya bila mtu kuona tofauti yoyote kwenye chupa. Nguvu ikizidi, maziwa mazima yanaganda na mfugaji anarudishwa bure. Spiriti ya kidonda ya dukani haitumiki: nguvu yake haina uhakika kwa kazi hii, na yenye rangi huficha punje. Sirinji au pipeti moja ikitumika kwa maziwa na alkoholi bila kusuuzwa, matone yaliyobaki yanavuruga usawa wa mililita 2 kwa 2.

Punje hazina maana ya uchachu peke yake. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, huganda kwa alkoholi, na maziwa ya kiwele kinachoumwa pia yanaweza kuganda. Kwa hiyo somo la nne linaanzia hapo: mililita 5 za maziwa kwenye neli, ndani ya maji yanayochemka, dakika 4 hadi 5, bila kutikisa. Yakiganda, yanakataliwa. Yasipoganda, hayaingii kwenye tangi bado: yanawekwa kando, mfugaji anaulizwa ng'ombe amezaa lini na kama kuna chuchu iliyovimba, kisha alkoholi inarudiwa kwa sampuli mpya na chupa iliyofunguliwa upya. Yakiganda tena kwa alkoholi, yanakataliwa na sababu inaandikwa. Swali la dawa nalo liko hapa. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki ana muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya dawa, na hakuna kipimo kati ya hivi kinachoigundua dawa hiyo. Kuuliza ndiyo njia pekee aliyonayo mpokeaji.

*Laktomita.* Hili ndilo somo gumu, na kwa pwani ya Tanga lina ugumu wake wa ziada. Laktomita tulizozijengea somo zimepimwa kwa nyuzi 20 za selisiasi (nyingine ni za nyuzi 15 na nusu hivi, kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kusoma maandishi kwenye shingo ya kifaa). Maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32, yaani uzito wa 1.026 hadi 1.032 ukilinganisha na maji. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 ongeza 0.2, kwa kila nyuzi moja chini ya 20 toa 0.2. Masahihisho hayo yanaaminika kati ya nyuzi 17 na 24. Tatizo ni kwamba maziwa yanayofika kituoni hapa asubuhi ya kaskazi mara nyingi yako juu ya 24, na miongozo mingi imeandikwa kama vile kila mtu anaishi Lushoto.

Mfano tuliouweka katikati ya somo ni huu. Laktomita imesoma 25.5, kipimajoto kimesoma nyuzi 24. Bila kusahihisha, maziwa yako chini ya 26 na yanarudishwa. Ukisahihisha, 25.5 jumlisha 0.8 ni 26.3, na yanapokelewa. Mfugaji yule yule, dumu lile lile. Mfano wa upande wa pili: maziwa yaliyolala kwenye friji yanasoma 26.5 kwa nyuzi 17, ukitoa 0.6 yanabaki 25.9, na hapo mpokeaji ana swali la kuuliza.

Maziwa yakiwa na nyuzi 29 au 30, somo linamwambia mpokeaji asihesabu. Aweke silinda yenye sampuli ndani ya beseni la maji baridi, akoroge polepole, asubiri joto lishuke hadi 24 au chini yake, ndipo apime. Beseni na kipimajoto vimeongezwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima. Yaliyokamuliwa sasa hivi yanahitaji pia kutulia nusu saa au zaidi, kwa sababu hewa iliyomo huyafanya yasome chini.

Tahadhari moja imerudiwa mara mbili kwa makusudi. Maji ya asilimia 10 hushusha kipimo kwa alama 3 hivi, lakini kipimo kikiwa chini si ushahidi kwamba mtu ametia maji. Povu, joto lisilosahihishwa au maji ya kusuuzia yaliyobaki chini ya dumu huleta namba ile ile. Aliyetia maji akaengua na krimu anaweza kupita kabisa, kwa kuwa kuengua hupandisha kipimo. Laktomita inapima uzito, basi.

Aprili: miswada na kurekodi

Miswada ya video imeandikwa kwa safu mbili: kinachoonekana na kinachosikika. Kanuni ni kwamba safu ya pili haisimulii safu ya kwanza. Kipande kutoka somo la tatu:

Kinachoonekana: *Silinda juu ya kitambaa cheusi. Mkono unashusha laktomita, unaiachia. Inazunguka, inapanda na kushuka kidogo.*
Kinachosikika: "Iachie. Usiisukume, isiguse ukuta."

Kinachoonekana: *Laktomita imetulia. Kamera inashuka hadi usawa wa maziwa.*
Kinachosikika: (kimya, sekunde 5) "Jicho lako liwe hapa. Maziwa hayapenyi mwanga, kwa hiyo soma ukingo wa juu, pale yanapopanda shingo ya laktomita."

Zile sekunde 5 za kimya zimepiganiwa. Wasomaji wa sauti hawapendi kimya, lakini mkono una mwendo wake, na mtazamaji anahitaji nafasi ya kuona kitu kinatulia. Kwa utulivu, msomaji hufika maneno 100 hivi kwa dakika. Video ya dakika 4 tumeipa maneno yasiyozidi 300, na inayobaki ni ya mikono.

Sauti na picha zimerekodiwa mbali mbali. Kituoni kuna kompresa ya tangi, pikipiki na majogoo, na mwezi huu masika inapiga mabati kiasi kwamba hata mtu wa jirani humsikii. Picha zilichukuliwa kituoni, sauti ikasomwa chumbani penye godoro lililosimamishwa ukutani na mapazia mazito, maikrofoni ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Kwa njia hii pia, namba ikibadilika mwakani, unarekodi sentensi moja badala ya kurudia video nzima.

Kurekodi maziwa kwa simu kuna shida yake. Kamera ikiona weupe mwingi hufanya moja ya mambo mawili: inaunguza weupe hadi punje zisionekane, au inatia giza kila kitu kingine. Dawa ni kugusa na kushikilia kioo cha simu juu ya maziwa mpaka mwanga na fokasi vifungwe, kisha kuushusha mwanga kidogo. Taa au dirisha liwe ubavuni, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaozipa punje kivuli. Nyuma ya neli weka kitambaa cheusi kitupu. Kanga yenye maua haifai hapa, hata kama ndiyo iliyo karibu: video ikibanwa, nguvu yote ya picha inaliwa na maua, na maziwa yanabaki ukungu.

Hata kwa kitambaa cheusi, punje ndogo hupotea video inaposhushwa hadi ukubwa wa simu za kawaida. Kwa hiyo video inaonyesha mwendo (kumimina, kugeuza, kusubiri), na matokeo yanaonyeshwa kwa picha mnato za karibu: neli safi, neli yenye punje chache, neli iliyoganda, na neli yenye povu tu. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, maana povu ndilo linalowachanganya wanaoanza. Picha moja ya kilobaiti 90 inafundisha hapo kuliko dakika nzima ya video.

Somo la tano limerekodiwa kama mazungumzo. Kijana wa kituoni, na mama mtu mzima aliyeleta lita zake:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona yangu yamewekwa pembeni?"
"Kipimo kimesoma 24 baada ya kusahihisha joto. Sisi tunapokea kuanzia 26. Sogea hapa tupime tena, uone mwenyewe."
"Unataka kusema nimetia maji?"
"Hapana mama, kipimo hakisemi hivyo. Tuanze na dumu: lilipooshwa, lilifunikwa likiwa limekauka?"

Muswada wa awali uliotoka kwa wataalamu ulikuwa na karipio. Limetolewa. Mpokeaji anayemshutumu mfugaji mbele ya foleni humpoteza yeye na majirani zake, na kwa kuwa laktomita haithibitishi shutuma hiyo, anakuwa amesema asichokipima.

Mei: jukwaa, uzito wa mafaili, maswali

Jukwaa ni Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, pamoja na kundi la WhatsApp la matangazo na kupokea video. Sababu kubwa ya kuchagua Moodle ni programu yake ya simu, ambayo inamruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa na bando au penye intaneti ya ofisi, kisha akasoma bila mtandao. Kuna mitego mitatu hapa, na mpangaji asipoijua mapema atajenga mara mbili.

Wa kwanza: video iliyochomekwa kutoka YouTube haipakuliki na somo. Lazima faili lenyewe liwekwe ndani ya kozi.

Wa pili: mtihani wa kufanyika bila mtandao unakubali masharti fulani tu. Usiwe na ukomo wa muda, na majibu yaonyeshwe baada ya kukusanywa, si swali kwa swali. Kwa hiyo mazoezi yenye majibu ya papo hapo yametengenezwa kwa H5P, zana ya kutungia mazoezi inayofanya kazi ndani ya programu hata bila mtandao, na mtihani wa somo umeachwa wa majibu ya mwisho.

Wa tatu uko kwenye seva. Ikiwekwa kama ilivyo, PHP, lugha ya programu inayoiendesha Moodle, hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na Moodle haiwezi kuvuka ukomo huo hata ukiongeza namba kwenye kurasa zake za usimamizi. Kuna mipangilio miwili ya kupandishwa, wa ukubwa wa faili na wa ukubwa wa ombi zima, na ule wa ombi lazima uwe mkubwa kuliko wa faili. Ukipandisha mmoja tu, mwanafunzi anaona upakiaji ukifika mwisho kisha unakufa bila maelezo ya maana.

Hesabu ya uzito inafanywa kabla ya kurekodi. Kanuni: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde, gawa kwa 8, unapata kilobaiti. Video ya mistari 480 yenye kilobiti 350 za picha na 48 za sauti, dakika 4, ni 398 × 240 ÷ 8, sawa na megabaiti 12 hivi. Sauti peke yake kwa kilobiti 24, chaneli moja, ni kilobaiti 720. Somo la sauti na picha sita za kilobaiti 90 halifiki hata megabaiti 1.3. Masomo matatu ya video yanakula 36, mawili ya sauti 2.6, picha za maswali kama 2. Kozi nzima iko chini ya megabaiti 45, na ndiyo sababu somo la kwanza na la tano hayana video: hayana mwendo wa mkono unaohitaji kuonekana.

Wenye viswaswadu hawajaachwa, ila hawawezi kumaliza kozi hii peke yao. Wanaungana na mwenzao wa kituo kimoja mwenye simu janja, na jedwali la masahihisho ya joto limechapwa kwenye karatasi ngumu ya kubandika ukutani.

Maswali. Majibu ya kupotosha yametolewa kwenye makosa halisi ya kazi. Kwa 25.5 kwa nyuzi 24, chaguo ni 26.3 (sahihi), 25.5 (amesahau joto), 24.7 (ametoa badala ya kuongeza) na 29.5 (ameongeza 4 nzima). Mkufunzi akiona wengi wameangukia 24.7, anajua arekebishe sentensi ipi. "Yote hapo juu" imepigwa marufuku. Haimpimi mtu chochote.

Maswali ya kuandika namba yana jambo moja ambalo ni rahisi kupitiwa. Mfumo unaomba kiwango cha kusamehe, kwa mfano jibu lipungue au lizidi kwa 0.5. Swali likiwa la nyuzi 22, masahihisho ni 0.4 tu, na aliyesahau kusahihisha anapita bila kujua kitu. Kwa hiyo msamaha umewekwa 0.3, na joto la kila swali ni 17, 18, 23 au 24. Msamaha daima uwe mdogo kuliko kosa unalotaka kulikamata.

Ukaguzi wa video ya mwanafunzi una alama sita: amekoroga kabla ya kuchota, amemimina kwa kulaza silinda ili povu lisijae, ameiachia laktomita ielee bila kugusa ukuta, amesoma jicho likiwa usawa wa maziwa, amesoma joto, ameandika namba iliyosahihishwa. Ya nne na ya tano ni za lazima, mtu akikosa mojawapo anarudia hata kama nyingine zote ziko sawa. Zingine zinafidiana.

Juni: jaribio

Jaribio limefanywa na wapokeaji wa vituo vichache kabla ya kufungua kwa wote. Tuliangalia wapi watu wanasimama, si nani anapata alama ngapi.

Kwenye kutuma video ndipo foleni ilipokuwa. Video ya dakika moja kwa ubora wa juu wa simu za sasa inaweza kuzidi megabaiti 100, na kuipakia kwenye Moodle kwa mtandao wa Maramba ni kupoteza bando. Maelekezo yamebadilishwa: video inatumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambapo inabanwa yenyewe, na picha moja ya neli inatumwa kama dokumenti ili isibanwe. Mkufunzi anaona mwendo kwenye video na punje kwenye picha.

Video ya mikono tu, uso usionekane. Sehemu ya sababu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi linalohitajika. Ili kujua ni nani, mwanafunzi anaandika jina la kituo na tarehe kwenye kipande cha karatasi, kinawekwa kando ya silinda kabla ya kuanza kurekodi. Video zinafutwa baada ya matokeo kukubaliwa, na hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kujiandikisha kwa lugha ya kawaida.

Muda wa mkufunzi nao umejulikana. Kutazama video, kujaza alama sita na kuandika maoni ya mistari miwili huchukua kama dakika 5. Wanafunzi 25, video mbili kila mmoja, ni dakika 250, zaidi kidogo ya saa 4 za kazi kwa kundi moja, bila wanaorudia. Kundi limefungwa kwenye 25. Anayetaka kupokea 100 kwa mkufunzi mmoja aondoe kwanza zoezi la video, na akiliondoa amebaki na kozi ya kujibu maswali kuhusu laktomita.

Ratiba imehamishwa. Somo jipya linafunguliwa saa 8 mchana, kati ya foleni ya asubuhi na maziwa ya jioni. Tangazo la asubuhi linazama chini ya ujumbe mwingine kabla mtu hajanawa mikono. Hakuna mtihani unaofungwa wiki ya Idd.

Julai: marekebisho na yaliyobaki

Somo la alkoholi limegawanywa vipande viwili, kuchanganya na kupima, kwa sababu anayechanganya kituoni mara nyingi ni mtu mmoja na wapimaji ni wengine. Jedwali la joto limeongezewa safu za laktomita ya nyuzi 15 na nusu zitakazojazwa baada ya kulinganisha na kifaa chenyewe. Kwa sasa safu hizo zimefichwa, maana jedwali lenye nafasi tupu hualika mtu akisie.

Manukuu ya maandishi yamewekwa kwenye video zote tatu. Faida yake kubwa imekuwa kwa wanaotazama kituoni kompresa ikinguruma. Manukuu yana mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi 37 kwa mstari, na namba zote zimeandikwa kwa tarakimu.

Cheti kinasema kile kilichopimwa: "Amepima maziwa kwa alkoholi na laktomita mbele ya mkufunzi kwa video." Hakina neno stashahada wala nembo ya chombo chochote cha serikali, kwa kuwa kozi haijasajiliwa kama mafunzo rasmi ya ufundi.

Vinavyosubiri kundi la kwanza: kununua vipimajoto viwili vya akiba kwa kila kituo (ndivyo vinavyovunjika kabla ya laktomita), kurekodi upya sentensi ya beseni la maji, ambayo haitaji kwamba maji ya beseni yasipande hadi mdomo wa silinda, kuweka nakala rudufu ya kozi nje ya seva kila Ijumaa, na kupiga picha za neli yenye dang'a, ambazo zinasubiri ng'ombe azae.